Michezo ya Krismasi kwa watu wazima kanisani: upi unafaa kundi lako?

Kamati ya sherehe ikikaa kupanga Krismasi, mambo ya watoto huisha mapema: wana igizo lao, zawadi zao na walimu wao wa shule ya Jumapili. Watu wazima huachiwa chakula na hotuba. Halafu mtu anasema, "Tuweke na michezo kidogo," wote wanakubali, na kazi inamwangukia mmoja. Makala haya ni ya huyo mmoja.

Nimeiweka michezo miwili miwili, ile inayogombea nafasi moja kwenye ratiba, ili kuamua kuwe rahisi. Kipimo changu ni kimoja. Sitazami mchezo unaochekesha zaidi, natazama ni nani atakayeachwa nje mchezo ukianza. Katika kusanyiko lolote la waumini wamo mgeni aliyehamia mwezi uliopita, bibi asiyesikia vizuri, mume aliyekuja na mkewe ilhali yeye si wa dhehebu hilo, mjane wa mwaka huu, na mtu asiyependa kabisa kusoma mbele za watu. Mahali pengine mtu akikaa pembeni anakaa tu, hakuna anayejali. Kanisani huyo ni ndugu. Mchezo unaomwacha nje siku ya kusherehekea kuzaliwa kwa Bwana haufai, hata kama ukumbi mzima umecheka.

Chemsha bongo au kubahatisha wimbo?

Michezo hii miwili ndiyo inayoweza kubeba sherehe nzima, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Chemsha bongo ya Biblia hutajwa ya kwanza karibu kila kikao, na inastahili. Haihitaji kitu zaidi ya karatasi na kalamu, inafaa kwa watu 12 na inafaa kwa watu 120, na inafundisha bila kuhubiri. Udhaifu wake ni kwamba ikiendeshwa vibaya inageuka mtihani. Mkimsimamisha mtu mmoja mmoja ajibu, watajibu walewale wanaosoma masomo kila Jumapili, na wengine watainamisha vichwa wakiomba wasitajwe. Dawa yake ni meza: watu watano au sita kwa kila meza, na meza nzima inaandika jibu moja. Wakizidi wanane, wawili watatu wanageuka watazamaji. Tena msiwaache wakae kwa ukoo au kwa kwaya. Wagawieni namba mlangoni, ili mzee wa kanisa, mgeni na binti wa chuo wajikute meza moja.

Roho ya mchezo huu ni maswali. Swali zuri la Krismasi si lile gumu, ni lile ambalo kila mtu ana uhakika nalo mpaka Biblia ifunguliwe. Habari za kuzaliwa kwa Yesu zimejaa maswali ya namna hiyo, kwa kuwa wengi wetu tunazikumbuka kutoka kwenye maigizo kuliko kutoka kwenye kurasa. Mamajusi walikuwa wangapi? Mathayo hataji idadi. Anataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, nasi tukahesabu watu kwa zawadi zao. Walimkuta mtoto wapi? Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani. Wachungaji waliokesha makondeni wamo katika Injili ipi? Luka peke yake, kama mamajusi walivyo kwa Mathayo peke yake. Marko na Yohana hawasimulii habari za kuzaliwa. Punda aliyembeba Mariamu ametajwa wapi? Hajatajwa popote. Mwenye nyumba ya wageni aliwaambia nini? Luka 2:7 inasema tu kwamba nafasi haikuwapo, na mwenye nyumba mwenyewe hayumo. Maswali haya yanawasawazisha watu. Aliyesoma sana na aliyesoma kidogo wanakosea pamoja, kisha meza nzima inainamia Biblia moja kuhakikisha. Hapo ndipo mgeni anapoacha kuwa mgeni.

Changanyeni na maswali yenye uzito mwingine. Zakaria aliyekuwa bubu alilitoaje jina la mwanawe? Aliliandika kwenye kibao. Nasaba ya Mathayo 1 ina wanawake wangapi? Watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria na Mariamu. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walikwenda kutoa sadaka gani? Luka 2:24 inataja hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Mambo ya Walawi 12:8 inaeleza kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mtu asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko mahubiri mengi kuhusu umaskini. Likifika, mwendesha mchezo asiharakishe. Awape watu dakika moja ya kulitafakari.

Yapo pia maswali ya historia ambayo hayampi upendeleo anayejua aya kwa kichwa. Nani anakumbukwa kwa kuandaa hori lenye ng'ombe na punda hai, wapi na lini? Fransisko wa Asizi, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, mwaka 1223. Basi ng'ombe na punda hao walitoka wapi ikiwa Luka hakuwataja? Watu waliwahusisha na Isaya 1:3, panaposema ng'ombe amjua bwana wake na punda ajua kibanda cha bwana wake. Nikolao, askofu ambaye jina lake limezaa yule mzee wa zawadi mwenye nguo nyekundu, alikuwa wa mji gani? Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4. Mwisho wekeni matatu au manne ya kanisa lenu wenyewe: kwaya ilianza mwaka gani, nani alipiga kinanda kabla ya huyu wa sasa, ibada ya kwanza ilifanyika wapi. Hayo yanawapa wazee zamu ya kuwa wataalamu, na vijana wanalazimika kuwauliza.

Maswali 20 yanatosha. Pamoja na majibu na ubishi wake, ni kama dakika 40. Msivuke hapo.

Sasa kubahatisha wimbo. Mpiga kinanda au gitaa anapiga noti tatu za mwanzo za wimbo wa Krismasi. Meza inayoutambua inapunga kitambaa. Hakuna aliyeutambua, anaongeza noti ya nne, kisha ya tano. Ukitajwa sawasawa, ukumbi mzima unaimba ubeti mmoja, kisha unakwenda wimbo mwingine. Ni hayo tu, na mimi ningeuchagua huu kabla ya mingine yote kama ningelazimishwa kuchagua mmoja.

Sababu yangu iko kwenye ule ubeti mmoja. Chemsha bongo ina anayejua na asiyejua, lakini ukumbi ukianza kuimba, aliyeshindwa kubahatisha anaimba sawa na aliyeshinda. Asiyesoma anaimba, asiyeona vizuri anaimba, na mzee ambaye kumbukumbu zake zimeanza kumponyoka mara nyingi bado anazo nyimbo za ujanani mwake hata majina yanapokuwa yametoweka. Kama waumini wenu wanatoka kwenye lugha mbalimbali, tuni ile ile mara nyingi huwa na maneno katika lugha zao. Kila mmoja na aimbe kwa lugha yake kwa pamoja. Mchezo umeingia kwenye ibada bila mtu kutangaza.

Una udhaifu wake pia. Unahitaji mtu anayepiga ala, au anayeweza kughuna kwa tuni iliyonyooka, kwa kuwa kanda au simu haikuachi ukate noti moja moja kwa urahisi. Wanakwaya wana faida kubwa kupita kiasi, kwa hiyo watawanyeni, mmoja kila meza. Mwenye usikivu hafifu anaumia hapa kuliko kwenye chemsha bongo. Mpangieni kiti karibu na kinanda, na beti zichapwe kwa herufi kubwa ili awahi kuimba na wenzake. Na aliyekuja kanisani juzi huenda hajui wimbo hata mmoja, kwa hiyo wekeni katikati nyimbo tatu au nne ambazo hata mtu wa nje amewahi kuzisikia redioni.

Uamuzi wangu: waumini ambao wamekaa pamoja miaka mingi na wanapenda kubishana, wapeni chemsha bongo. Penye wageni wengi, wazee wengi au lugha nyingi, chukueni wimbo. Mkiwa na saa nzima, msiitenganishe: maswali matano, wimbo mmoja, maswali matano, wimbo mmoja. Watu hupumzika akili kwa kuimba.

Rafiki wa siri au kunyang'anyana zawadi?

Hapa nina msimamo mkali zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha inapoingia, na fedha ikiingia watu huumia kimyakimya.

Katika rafiki wa siri, kila mtu anapewa jina la mwenzake wiki kadhaa kabla, anamwandalia zawadi bila kujitambulisha, na siku ya sherehe siri inafichuliwa. Uzuri wake ni kwamba unamlazimisha mtu kumfikiria ndugu mmoja kwa muda mrefu: anapenda nini, anahitaji nini, anaishije. Ubaya wake ni wa mtu asiyekuja. Asipofika mtoaji, mpokeaji anabaki mikono mitupu mbele ya wote. Kila kundi linalocheza mchezo huu liwe na zawadi mbili tatu za akiba, zimefungwa kabisa, zikae kwa mtu mmoja tu na zisitangazwe.

Ugumu mwingine ni wa kuchukua majina. Wengi huandika majina kwenye vikaratasi, huyatia kwenye kofia na kila mtu huokota. Kwa hesabu za uwezekano, mkifanya hivyo, takriban mara 63 kati ya 100 angalau mtu mmoja ataokota jina lake mwenyewe, na namba hiyo haibadiliki sana muwe 10 au muwe 100. Ndiyo maana zoezi hurudiwa tena na tena, na siri zinaanza kuvuja hapohapo. Njia iliyo safi ni ya mduara: mtu mmoja asiyeshiriki anachanganya vikaratasi, anavipanga kwa mstari, na kila jina linampa zawadi jina linalofuata, la mwisho linampa la kwanza. Hakuna atakayejipata, na hakuna wawili watakaopeana wao kwa wao kama mko watatu au zaidi.

Kunyang'anyana zawadi hakuna majina. Kila mmoja analeta zawadi iliyofungwa, zinawekwa mezani, watu wanachukua namba. Namba moja anachagua na kufungua. Namba mbili ana hiari: afungue mpya au achukue ya namba moja, na aliyenyang'anywa anachagua tena. Kwa kawaida zawadi ikishachukuliwa mara tatu haiguswi tena, la sivyo mchezo hauishi. Unachekesha mno, hilo halina ubishi. Kwa watu 30, zamu ya dakika moja na nusu kila mmoja, unakula dakika 45, na hakuna anayesinzia.

Lakini utazameni kwa kile kipimo. Zawadi zinafunguliwa hadharani moja moja na kushindanishwa machoni pa wote. Aliyeleta kitu kidogo, kwa sababu ndicho alichoweza, anaketi akiona hakuna anayekitaka. Kila mtu anakwepa zawadi yake, na kila mtu anacheka, naye inabidi acheke. Katika kundi la watu wenye kipato kinacholingana hilo halina uzito. Katika kanisa, ambako mwenye duka na kibarua wanakaa benchi moja, lina uzito mkubwa. Kiwango cha juu cha bei peke yake hakiondoi tatizo, kwa kuwa wanaobanwa ni wale walio chini ya kiwango.

Mkiupenda mchezo huu, na naelewa kwa nini mtaupenda, kuna namna ya kuuponya: zawadi zote zitoke nyumbani, zisinunuliwe. Kitabu kilichokwisha kusomwa, mche kwenye kopo, kitambaa kilichofumwa kwa mkono, barua yenye ahadi ya kumsaidia mtu kazi ya siku moja. Hapo mwenye fedha hana faida, na mara nyingi kinachogombaniwa ni ile ahadi ya kazi. Rafiki wa siri nao unaweza kuchezwa hivyohivyo, hata bila kitu chochote cha kushika: wiki tatu za kumwombea mtu kila siku, na siku ya mwisho barua ya ukurasa mmoja. Kwa jumuiya ndogo isiyozidi watu 20 sijui mchezo unaofunga watu pamoja kuliko huo.

Basi, kwa kifupi cha sehemu hii: rafiki wa siri kwa kundi dogo linalojuana na lililo aminifu katika kuhudhuria, kunyang'anyana kwa vitu vya nyumbani kwa kundi la kati ambalo halina uhakika nani atafika, na mkiwa zaidi ya 50, msiguse wowote kati ya hiyo miwili.

Kufahamiana: bingo ya watu au kweli mbili na moja ya kubuni?

Bingo ya watu ni karatasi yenye visanduku, kila kisanduku kina maelezo, na kazi yako ni kuzunguka ukumbini kumtafuta mtu anayelingana na maelezo hayo, aandike jina lake. Visanduku 16, vinne kwa vinne, vinatosha dakika 15. 25 ni vingi, watu wanaanza kunakiliana. Katika kweli mbili na moja ya kubuni, mtu anasema mambo matatu kuhusu yeye, wenzake wanakisia lipi si kweli.

Wa kwanza unafaa ukumbi mkubwa wenye watu wasiojuana, na unafaa kuanzia sherehe, watu wanapoingia. Wa pili unataka watu wanane au kumi wameketi, wana muda. Baadhi ya waumini hawatapenda kusema uongo hata kwa mchezo. Waheshimuni, na uchezeni kwa kuugeuza: kila mtu anaandika jambo moja la kweli lisilojulikana, yanasomwa bila majina, na watu wanakisia mwenye jambo hilo ni nani.

Angalizo kubwa liko kwenye maelezo ya visanduku. "Ana watoto zaidi ya watatu," "amefunga ndoa miaka mitano iliyopita," "ataadhimisha Krismasi na wazazi wake." Yanaonekana ya kawaida, lakini ndani ya ukumbi yumo aliyepoteza mimba, yumo aliyeachwa, yumo aliyezika mama yake mwaka huu, na Desemba ndio mwezi wake mgumu kuliko yote. Andikeni mambo ambayo hayamgusi mtu kwenye jeraha: anapiga ala ya muziki, alibatizwa akiwa mtu mzima, anajua kushona, amewahi kuimba kwenye kwaya mbili, huamka kabla ya saa 11 alfajiri, anajua aya ya Biblia kwa lugha ya tatu. Vivyo hivyo na maswali ya kuzungukia meza. "Krismasi iliyokufurahisha kuliko zote ni ipi?" ni swali linaloweza kumtoa mtu ukumbini.

Kuigiza kimya, na michezo ya mwili

Kuigiza kimya, mtu anaonyesha kwa vitendo bila kutamka na timu yake inakisia, ni mchezo mzuri kwa walio tayari. Simulizi la Krismasi limejaa matukio yanayoonekana: Yusufu akiota ndotoni, Zakaria akitoka hekaluni akiashiria kwa mikono, mamajusi wakirudi kwa njia nyingine, safari ya usiku kwenda Misri. Ukweli ni kwamba watu wazima wengi hawataki kusimama, na kuwasukuma si upendo. Igizeni wawili wawili au watatu watatu, na watu wajitolee wenyewe, msitaje majina. Mkifanya hivyo unafaa sana kwa umoja wa vijana na kwa wanandoa. Kwa kusanyiko zima ningeuweka nusu saa tu, baada ya watu kuchangamka.

Michezo ya mwili naipita haraka. Mchezo wa viti, ambapo viti vinapungua na watu wanagombania, mwachieni mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza kwa vifo vinavyotokana na kuanguka, na sherehe ya kanisa si mahali pa kulijaribu hilo. Zaidi ya hayo, ni mchezo wa kutoa watu mmoja mmoja: aliyetoka wa kwanza anakaa akitazama robo saa nzima. Kama mnataka kitu cha mikono, wekeni wawili wawili mezani, kila mmoja mkono mmoja nyuma ya mgongo, wafunge zawadi kwa karatasi na uzi. Unachezwa mkiwa mmekaa, mzee na kijana wanalingana, na unakwisha kwa dakika tano.

Kwa anayetaka kuiona yote kwa pamoja, hivi ndivyo ninavyoipima:

| Mchezo | Watu | Muda | Maandalizi | Anayeweza kubaki nje |
|---|---|---|---|---|
| Chemsha bongo kwa meza | 12 hadi 120 | dakika 40 | siku mbili za kuandaa maswali | mgeni wa imani, msipompa machaguo ya majibu |
| Kubahatisha wimbo | 10 na kuendelea | dakika 30 | mpiga ala na orodha ya nyimbo 12 | mwenye usikivu hafifu |
| Rafiki wa siri | 6 hadi 20 | wiki tatu, na saa moja ya kufichua | majina na zawadi za akiba | ambaye mtoaji wake hakuja |
| Kunyang'anyana zawadi | 10 hadi 35 | dakika 45 au zaidi | namba na kanuni zilizoandikwa | aliyeleta kitu kidogo |
| Bingo ya watu | 25 na kuendelea | dakika 15 | kuchapa karatasi | asiyeweza kutembea, msipompelekea watu |
| Kuigiza kimya | 10 hadi 40 | dakika 30 | vikaratasi vya matukio | mwenye haya |
| Kufunga zawadi kwa mkono mmoja | wowote | dakika 5 | karatasi, uzi, masanduku | karibu hakuna |

Tuzo, na suala la bahati nasibu

Kuna kundi litakalopendekeza kuuza tiketi na kuchezesha bahati nasibu ili kukusanya fedha za mradi. Kabla hamjachapisha chochote, muulizeni mchungaji au paroko wenu, kwa kuwa makanisa hayasemi kitu kimoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya bahati haipingani na haki kwa yenyewe, ila haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima. Kanisa la United Methodist linapinga kamari ya aina zote, na makanisa mengi ya kiinjili yana msimamo kama huo. Ukumbi mmoja unaweza kuwa na watu waliolelewa kwenye misimamo yote miwili. Njia isiyomkwaza yeyote ni kumpa kila anayeingia namba ya bure, itolewe moja mwishoni. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyepoteza.

Tuzo za washindi ziwe za kugawana. Meza iliyoshinda ikipewa kitu cha kula pamoja na meza nyingine, watu wanaendelea kuzungumza. Mshindi mmoja akipewa kitu kikubwa, ubishi wa alama unaanza, na mwamuzi wa maswali ya Biblia anageuka hakimu.

Kabla ya Krismasi au baada?

Sherehe nyingi hupangwa katikati ya Desemba kwa sababu tu ndivyo zilivyopangwa mwaka jana. Zipimeni tarehe kama mnavyoipima michezo. Kabla ya Krismasi watu wana hamu na ukumbi umekwisha kupambwa, lakini kwaya iko mazoezini kila jioni, wengine wanajiandaa kusafiri, na kwa makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia hicho ni kipindi cha Majilio, kipindi cha kungoja, kinachoanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Baada ya Krismasi, kati ya tarehe 26 Desemba na Epifania tarehe 6 Januari, zipo siku ambazo ni za sikukuu kihalali na ratiba zake ni tupu. Waliosafiri watakosekana. Watakaokuwepo ni walewale ambao hawana pa kwenda, yaani wajane, wanafunzi walio mbali na kwao, wauguzi waliobaki na zamu. Nikitumia kipimo changu, sherehe ya watu wazima ningeiweka huko.

Nikipewa ukumbi wako

Kwa kundi la watu 15 hivi wa jumuiya au kikundi cha maombi: rafiki wa siri wa barua, ufichuliwe kwa nusu saa, halafu nyimbo. Msiongeze kingine.

Kwa watu 40: bingo ya visanduku 16 wakati wa kuingia, na mmoja wa kamati akae kwa wasioweza kutembea akiwaita watu waje kwao, meza saba za chemsha bongo iliyochanganywa na nyimbo, mkono mmoja nyuma ya mgongo kabla ya chakula. Jumla ni saa moja na nusu, na ukibanwa kata ya mwisho.

Kwa watu 100 na zaidi: chemsha bongo na nyimbo tu, maswali yasomwe mara mbili na yaonekane yameandikwa ukutani, kila meza iwe na mwenyeji mmoja aliyeambiwa mapema kwamba kazi yake ni kuhakikisha kila aliyeketi hapo amesema angalau jibu moja kabla meza haijaandika. Kipaza sauti mpeni mtu mwenye sauti tulivu anayewajua watu kwa majina, hata kama si mchangamfu kuliko wote. Mikono ya kusahihisha karatasi iwe minne, na majibu yote yaandikwe na aya zake kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kuhusu idadi ya mamajusi mtabishiwa.